Kijiji Chetu Kilivyochagua Difu Mbili

Kibali cha kununua lori kilipofika kijijini kwetu, Mpimbwe, mpunga wa msimu ule ulikuwa bado umelala ghalani ukiliwa na panya, na wazee wetu waliona ni busara kuanza na ugomvi. Kibali kilituruhusu kuchagua gari moja kati ya mawili. La kwanza lilikuwa lori refu, lenye bodi kubwa ya kumeza magunia, lakini lina difu moja. La pili lilikuwa fupi, limenyanyuka juu kama mbuni, halibebi hata nusu ya mzigo wa mwenzake, lakini lina difu mbili.

Sisi tuliokuwa hatujui difu ni kitu gani tulielezwa siku hiyo hiyo. Ni lile fundo la chuma katikati ya ekseli, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari la difu moja husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ya mbele yanafuata kama wageni. La difu mbili huvutwa mbele na kusukumwa nyuma, magurudumu yote yakifanya kazi. Baada ya maelezo hayo kila mtu mkutanoni akawa fundi.

Mimi nilikuwa katibu wa halmashauri ya kijiji. Nilipata cheo hicho kwa sababu nilisoma shule ya masista mpaka darasa la nane na mwandiko wangu ulisomeka. Katibu hakuwa na kura. Nilikaa pembeni na kalamu yangu, nikiandika maneno ya watu ambao kesho yake wangeyakana.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo wangu, mdogo wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Ujanani alichukuliwa uaskari, akapelekwa Burma kwenye vita vya Wazungu, na huko aliona malori yakipanda milima ya matope mvua ikinyesha. Hakuwahi kuendesha hata moja. Aliyasukuma. Lakini mtu aliyesukuma gari Burma, kijijini kwetu, alikuwa mtaalamu wa magari.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi tunakaa mbugani. Udongo wetu mnaujua. Mvua ikinyesha, hata kuku anatembea kwa kufikiri. Mnataka gari la kukaa nyumbani miezi sita?"

Aliyempinga alikuwa katekista wetu, kaka wa mama mdogo, mke wake. Mashemeji hawa walikuwa wakitaniana tangu posa, na utani wao ulikuwa umekomaa kiasi kwamba mgeni angedhani ni kesi.

"Shemeji," katekista alisema, "mpunga tunavuna kiangazi. Kiangazi barabara ni kavu kama mgongo wa kobe. Sasa hizo difu mbili ni za kuvukia vumbi?"

"Na mgonjwa akizidiwa masika?"

"Tangu lini mgonjwa akapanda lori la mpunga? Tutambeba kwa machela kama siku zote. Machela haina difu hata moja, na inafika."

Walibishana mpaka kuku wakaanza kutafuta pa kulala. Hoja za katekista zilikuwa nzuri: mzigo mkubwa, mafuta kidogo, vipuri vya kupatikana. Hoja za baba mdogo zilikuwa Burma. Burma ikashinda. Nadhani watu walichoka kufikiriwa kuwa ni wa barabara kavu tu. Difu mbili ilikuwa na heshima yake, kama kuoa wake wawili: hata usipoweza kuwatunza, watu wanajua ulikuwa na uwezo wa kuoa.

Kijiji jirani, ng'ambo ya mto, walikuwa na kibali kama chetu. Walikaa kikao kifupi, wakachukua lori refu la difu moja. Tuliwahurumia.

Lori letu lilipofika, tuliimba. Tuliajiri dereva kutoka Ufipa, mwanamume mwenye miwani myeusi aliyoivaa hata akiwa chini ya lori akifunga nati. Ndani ya gari, kando ya gia ya kawaida, kulikuwa na kijiti cha pili cha kuamsha difu ya mbele, na dereva alikipenda kile kijiti kuliko usukani. Akikuta njia mbili, moja nzuri na moja mbaya, alipita mbaya. Ukimwuliza, alisema gari lisipofanyishwa kazi linasahau.

Masika ya kwanza lori lilifanya maajabu. Lilipita mahali ambapo hata ng'ombe walisimama. Sifa zake zikavuka mto, zikavuka milima, zikafika Mpanda mjini, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Kila mwenye shida masika hiyo alilihitaji gari linalopita popote. Watu wa afya walikuja kuomba lipeleke dawa. Waliokwama Sitalike walituma mtu aje kuliomba likawavute. Hata kiangazi, parokia ililiomba likalete saruji, na nani atamnyima padri? Wageni wa wilaya waliokwenda kukagua vijiji vya Ugalla walilichukua, wakarudi wakilisifu, wakalichukua tena. Baba mdogo hakuweza kukataa, maana kila ombi lilianza na maneno matamu: "Mwenyekiti, hakuna gari jingine linaloweza."

Lori letu likafika kila mahali isipokuwa kwetu. Mpunga ulipokuwa tayari kwenda stesheni ya Mpanda kupakiwa kwenye treni, lori lilikuwa Karema, au njiani kutoka Karema. Lile la jirani, lisiloweza kwenda popote masika, lilikuwa limepaki kanisani kwao limefunikwa turubai, limenona kwa kupumzika. Kiangazi kilipoingia likaanza kubeba mpunga wao, safari kwa safari. Walipomaliza wakabeba na wetu, kwa malipo.

"Shemeji," katekista alimwambia baba mdogo siku hiyo, akitazama magunia yetu yakipanda lori la watu, "naona gari letu limepata kazi serikalini."

Baba mdogo alijibu kwamba maendeleo hayana uchoyo.

Mwaka uliofuata nilichumbiwa. Mchumba wangu alikuwa mtu wa reli, mshika ishara pale stesheni ya Mpanda, niliyemfahamu nilipokuwa nikisindikiza mizigo yetu kama katibu. Alikuwa mtu wa saa. Ndoa ikapangwa kanisani Mpanda, Jumamosi ya baada ya Pasaka, na baba mdogo akatangaza kwamba bibi harusi atakwenda na lori la kijiji. Alikuwa ameikatalia wilaya wiki nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimnyima mtu gari, na ilikuwa kwa ajili yangu. Mpaka leo naukumbuka upendo huo, ingawa nakumbuka na matokeo yake.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Mimi nilikaa mbele, kati ya dereva na baba mdogo, na sanduku la nguo yangu ya harusi magotini. Nyuma walipanda shangazi zangu, mama mdogo, kwaya, katekista na suti yake kwenye mfuko wa karatasi, kuku, na pipa la togwa. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, jua lilikuwa zuri.

Njia ilipogawanyika, lori likasimama. Kulia kulikuwa na njia ya juu, inayozunguka ubavuni mwa vilima, ndefu, ya mawe, lakini ngumu. Kushoto kulikuwa na njia ya mbugani inayokata moja kwa moja na kukutana na ile ya juu mbele ya safari. Kiangazi wote walipita kushoto. Masika wenye akili walipita kulia.

Dereva alimtazama baba mdogo kupitia miwani yake. Baba mdogo aliitazama mbuga.

"Tulinunua difu mbili za nini?" aliuliza.

Katekista aliruka chini kutoka nyuma, akaja dirishani. "Shemeji, hebu tupite juu. Leo tumebeba bibi harusi, si saruji."

"Saruji ni nzito kuliko bibi harusi, na ilipita."

"Ilipita Oktoba."

"Nyie watu wa difu moja mna imani ndogo," alisema baba mdogo, "na wewe ndiye unayetufundisha dini."

Katekista alirudi nyuma, akachukua mfuko wa suti yake, akakaa juu ya jiwe kando ya njia ya juu. Alisema lori la jirani lingepita likienda kupeleka watu kwenye treni, na yeye angelisubiri. Shangazi walimsihi, akakataa. Tulimwacha pale juu ya jiwe, na baba mdogo alimpungia mkono kwa huruma, kama mtu anayemuacha mgonjwa asiyetaka dawa.

Mbuga ilitupokea vizuri. Nyasi zilikuwa za kijani, mbung'o wakatuuma kwa zamu, na lori likanguruma likipanda na kushuka kama ngalawa ya Ikola ziwani. Dereva alivuta kile kijiti chake, akatabasamu. Tulikwenda mbali. Hilo ndilo jambo ambalo watu husahau kuhusu difu mbili. Lori la difu moja lingekwama mita chache baada ya njia panda, tungeshuka, tungecheka, tungerudi nyuma. Letu lilikuwa na uwezo wa kutufikisha katikati kabisa, mahali ambapo nyuma na mbele ni sawa, ndipo likazama.

Lilizama kwa utulivu. Siku hizo tulikuwa tukihubiriwa kila mkutano kufanya kazi kwa pamoja, na magurudumu yetu manne yalikuwa yamesikia. Hakuna lililotegea. Yote yalizunguka kwa bidii, yote yalichimba, na kila moja lilijichimbia shimo lake mpaka ekseli zote mbili zikalala juu ya udongo.

"Sasa?" nilimwuliza dereva.

"Sasa tumefika," alisema.

Tulichimba Alhamisi yote. Wanakwaya walikata matawi, shangazi zangu wakafunga khanga viunoni wakabeba nyasi, dereva akalala tumboni kwenye tope na miwani yake. Kila tulipomaliza kutandika matawi, dereva aliwasha, magurudumu yakayala matawi yale, na lori likashuka kidogo. Togwa liliisha. Ijumaa asubuhi nilipiga magoti pamoja na mama mdogo, tukasali rozari, na nakiri kwamba katikati ya Salamu Maria nilikuwa nikiwaza jinsi mchumba wangu alivyokuwa mtu wa saa.

Baba mdogo alizunguka lori, akiligonga ubavuni kwa kiganja kama mtu anayempoza ng'ombe. Alisema Burma udongo ulikuwa mwekundu. Alisema kwamba mweusi ni kitu kingine.

Ijumaa kabla ya adhuhuri tukaona kitu kinang'aa juu vilimani. Lilikuwa lori la jirani, linakwenda polepole kwenye njia ya juu. Likasimama. Mtu mmoja akashuka, akaanza kuteremka kuja mbugani, suruali ameikunja mpaka magotini, mfuko wa karatasi ameuweka kichwani. Alipofika karibu tulimtambua kwa mwendo kabla ya sura.

Katekista alisimama kwenye tope, akalitazama lori, kisha shemeji yake.

"Shemeji," alisema, "mmepumzika?"

"Tunapumzisha injini," alisema baba mdogo.

"Naona imelala kabisa."

Hakuna aliyecheka. Nadhani katekista mwenyewe alikuwa amejiandaa na maneno mengi huko kwenye jiwe, lakini aliponiona mimi, na tope limenifika kiunoni, aliyaacha. Alisema tu kwamba lori la jirani lina nafasi, kwamba haliwezi kushuka huku, na kwamba anayetaka harusi apande mlima kwa miguu.

Watu walianza kubeba vyombo vyao. Baba mdogo hakubeba kitu. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa lori.

"Baba, twende," nilimwambia.

"Mali ya kijiji haiachwi porini. Mwenyekiti ni mimi. Nyie nendeni."

"Na kanisani nani atanipeleka mbele?"

Tangu baba yangu afe, ilikuwa inajulikana kwamba siku hiyo ikifika, mkono nitakaoushika ni wake. Alikuwa ameshona kaunda suti mpya, ipo imekunjwa kwenye gari, na alikuwa amefundishwa na mama mdogo kutembea polepole. Alimnyooshea kidole katekista.

"Mshike huyu. Ni difu moja, lakini atakufikisha."

Katekista alivua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia kofia shemeji yake, kabla ya hapo wala baadaye. Alisema, "Nitamfikisha, mwenyekiti," akalichukua sanduku langu la nguo. Mama mdogo alibaki na mumewe. Dereva naye alibaki. Nilipogeuka kutazama kutoka ubavuni mwa kilima, lori lilionekana dogo kama kiatu kilichoachwa, na baba mdogo bado alikuwa amekaa pale ngazini.

Msidhani lori la difu moja lilitubeba. Tulilisindikiza. Kwenye kila mwinuko wenye utelezi lilisimama likituomba radhi, tukashuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Shangazi mmoja alihesabu kwamba alilipia safari kwa mabega. Lakini dereva wake alikuwa mtu mwoga, na uoga ule ulikuwa neema: alipoona tope alisimama mbali, akashuka, akalipima kwa fimbo, akatafuta jiwe la kukanyaga. Lisiloweza kwenda popote lilitufikisha Mpanda Jumamosi, wakati kengele ya misa ilikuwa imekwisha kupigwa na padri anavua mavazi yake.

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, saa mkononi.

"Nilijua umeghairi," aliniambia.

"Tulikuja na difu mbili," nilimjibu.

Alikuwa mtu wa reli, hakuelewa. Padri alivaa tena. Nilinawa nyuma ya kanisa kwenye ndoo, nikavaa nguo nyeupe juu ya miguu ambayo kucha zake zilibaki nyeusi wiki nzima, na katekista akanishika mkono mpaka altareni. Alitembea polepole sana. Alipofika mbele na kuniachia, alifuta macho kwa mkono wa suti yake iliyojaa mikunjo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni jasho.

Baadaye tulisikia kwamba lori lilitolewa mbugani na familia moja ya Wasukuma waliokuwa wakihamia na mifugo yao. Walifunga jozi za maksai mbele, wakapiga mluzi, likatoka. Baba mdogo alipoulizwa alisema udongo ulikauka.

Mimi nilibaki Mpanda, mke wa mshika ishara, na nyumba yetu ya reli ilitazama stesheni. Ndiyo maana nililiona lori letu likiondoka. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza na magari yalikuwa yakitafutwa nchi nzima. Mtu wa serikali alipofika kijijini kwetu hakuuliza mengi. Aliinama, akaona difu ya mbele, akasema hili. Lile refu la jirani alilitazama akalipita.

Likaletwa Mpanda lipakiwe kwenye behewa la wazi kuelekea Kaliua, na baba mdogo alikuja kulisindikiza. Alikaa sebuleni kwangu amevaa ile kaunda suti. Sikuwa nimemwona nayo. Tulikwenda wote kutazama gari linalopita popote likifungwa kwa minyororo juu ya treni, magurudumu yote manne yamesimama bila kazi.

"Linakwenda vitani," alisema. "Mimi nilikwenda nikiwa kijana. Nilirudi." Kisha akaniomba samahani kwa ajili ya harusi. Alisema kwa haraka, akilitazama behewa, na mimi nilimwambia hakuna neno, maana kweli halikuwepo tena. Treni ikapiga honi, mume wangu akashusha ishara, likaenda.

Lilirudi baada ya vita, limepakwa rangi ya majani, bodi ina matobo, lakini injini nzima. Liliharibika njiani kurudi, na fundi mmoja wa Tabora, alipokosa vipuri vya kuitengeneza difu ya mbele, aliing'oa propela yake, ule mhimili unaoipelekea nguvu, akaiweka ndani ya bodi, akaziba kwa kipande cha bati. Kile kijiti cha pili kilikuwepo bado. Ukikivuta hakifanyi kitu. Kijiji chetu, baada ya mikutano yote ile, kikawa na lori la difu moja, dogo, linalokunywa mafuta kama la difu mbili.

Nilitegemea baba mdogo ataumia. Lakini habari ilienea haraka kama ilivyoenea sifa, na watu waliokuwa wakija kuliomba wakaacha kuja. Lori likakaa nyumbani. Masika lililala, kiangazi lilibeba mpunga wetu kwenda stesheni, kidogo kidogo, bila kuazimwa na mtu. Dereva wa miwani alivumilia msimu mmoja, akaomba kuacha kazi. Alisema hawezi kuzeekea kwenye barabara kavu.

Katekista alikuwa na haki ya kusema lolote, na watu walisubiri aseme. Alimwambia tu mama mdogo kwamba gari sasa limetulia, kama mtu aliyeokoka.

Baba mdogo alizoea kuja nalo Mpanda wakati wa mavuno. Wakishusha magunia alikuja kwangu kunywa chai, na mume wangu akipata nafasi kati ya treni na treni walikaa pamoja barazani wakitazama injini ya treni ikihamisha mabehewa.

"Mkwe," alimwuliza siku moja, "hii treni ina difu ngapi?"

Mume wangu alifikiri. Alisema hajui kama zinaitwa difu, lakini injini ile huvuta kwa magurudumu yake yote.

"Yote?"

"Yote, baba."

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Alisogeza kiti chake mbele kidogo, akaanza kumweleza udongo wa Burma ulivyokuwa, na mume wangu, aliyekuwa na treni ya kupokea muda si mrefu, akaitazama saa yake, akairudisha mfukoni, akasikiliza.